Nani Amemtupia Mtoto Huyu?

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi katika kazi yangu ya labo hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, halihusu dawa wala bei. Linahusu mtu. Mama anasimama dirishani na mtoto mgongoni. Miguu ya mtoto imevimba juu ya nyayo, vidole vya mikono vimejaa mpaka ngozi inang'aa, weupe wa macho umeanza kuingia manjano. Mama anaangalia nyuma kwanza, kisha ananisogelea: "Daktari, mutoto alizaliwa muzima kabisa. Nani alimutupia hii?"

Mimi si daktari, ni mpima damu, lakini huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Na mama huyo hasemi upuuzi. Ana ushahidi mkononi. Mtoto alizaliwa na uzito mzuri, akanyonya, akanenepa, akapandishwa kwenye mzani siku za chanjo na wauguzi wakamsifu. Miezi mitano ikapita, pengine sita. Ndipo usiku mmoja akaanza kulia kilio kisichobembelezeka, na asubuhi mikono imevimba. Kitu ambacho hakikuwepo sasa kipo, na kitu kisichokuwepo kikaja baadaye lazima kina aliyekileta. Hapo anakumbukwa shangazi aliyembeba mtoto siku ya matanga, au jirani wa Mulongwe aliyeyasifu mno mashavu yake. Familia inakwenda kwenye chumba cha maombi, nabii anafunga siku tatu, na siku ya nne linatajwa jina. Mara nyingi ni jina la mwanamke mzee, mjane, asiye na mwana wa kumtetea. Nimeona ndoa zikivunjika kwa jina kama hilo, na nimeona mzee akihamishwa usiku kupelekwa Kavimvira kabla vijana hawajafika kwake.

Mimi ni Mkristo, nasali, na Jumapili nafundisha watoto kanisani. Ninataka kulijibu swali la mama huyo nikiwa yote mawili, mtu wa labo na mtu wa kanisa, bila kumtuma mmoja nje ili mwingine azungumze. Maana jibu limo ndani ya ile miezi sita ya afya, nayo ndiyo inayosumbua imani yangu kuliko ugonjwa wenyewe.

Nianze na ninachokiona. Kipimo chetu kimetokana na kile alichokieleza Victor Emmel mwaka 1917, cha bei nafuu kuliko vyote. Tone la damu ya kidole juu ya kioo, tone la metabisulfiti ya sodiamu, kioo chembamba juu yake, kisha nafunga kingo kwa vazelini ili hewa isiingie. Dawa ile inanyang'anya damu oksijeni. Umeme ukiwa umekatika ninaigeuza hadubini kuelekea dirisha la upande wa ziwa, kioo chake cha chini kinapokea jua, na ninasubiri. Chembe nyekundu za mtu asiye na ugonjwa hubaki mviringo. Za mtoto yule huanza kuvutika, ncha moja, kisha ya pili, hadi uwanja wote umejaa mundu.

Kipimo hiki kina kasoro mbili, na kila mpima damu mwaminifu huzisema. Hakitofautishi mtoto aliyerithi kosa kwa wazazi wote wawili, ambaye ndiye mwenye ugonjwa wa selimundu, nasi tunamwita SS, na yule aliyerithi kwa mzazi mmoja, AS, ambaye kwa kawaida haumwi. Kujua tofauti hiyo kunahitaji elektroforezi, na kwa wengi wetu hiyo ni safari ya Bujumbura au ya kupanda escarpement ya Ngomo hadi Bukavu. Kasoro ya pili ndiyo inayonihusu leo: ukikifanya kwa mtoto mchanga mwenye SS, kinaweza kuonyesha damu safi. Chembe zake hazijikunji. Na bado kosa limo ndani yake tangu siku mimba ilipotungwa. Ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika. Vernon Ingram alionyesha mwaka 1957 kwamba kwa sababu yake hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, hupata valini mahali palipotakiwa asidi ya glutamiki. Herufi hiyo ipo siku ya kwanza, ipo mwezi wa sita, na itakuwepo hadi kaburini. Kwa nini basi inanyamaza nusu mwaka?

Aliyelikamata swali hilo kwanza ni Janet Watson, daktari wa watoto huko New York, mwaka 1948. Aliona kwamba damu ya wachanga haijikunji kama ya mama zao, akasema huenda hemoglobini ya tumboni ndiyo inayowalinda. Alisema kweli. Mtoto akiwa tumboni anatengeneza hemoglobini nyingine, inayoshika oksijeni kwa nguvu zaidi ili iweze kuivuta kutoka katika damu ya mama. Imetengenezwa na jeni nyingine, ziitwazo gama, ambazo hazina kosa lolote. Baada ya kuzaliwa jeni hizo hufungwa polepole, na kazi inachukuliwa na jeni ya ukubwani, beta, ambayo kwa mtoto huyu ndiyo yenye herufi mbovu. Kilichotokea mwezi wa sita ni kinga iliyoondoka. Hakuna kilichoingia.

Lakini nini maana ya kufunga jeni? Hapa inabidi tuingie ndani ya kiini, na mimi nina bahati ya kukiona kila siku. Ukipaka damu kwenye kioo na kuitia rangi ya Giemsa, chembe nyekundu hazionyeshi kiini, kwa sababu kwa binadamu na wanyama wote wanaonyonyesha zilikwisha kukitupa kabla ya kuingia mishipani. Chembe nyeupe zinacho, nacho hunywa rangi ya zambarau. Kwa limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, iliyotulia, zambarau hiyo ni nzito, imeganda kama mabonge: pale DNA imekunjwa na kubanwa. Kwa chembe changa inayojiandaa kugawanyika, zambarau ni nyepesi, unaona nyuzi zake. Na kwa mtoto mwenye SS aliyeishiwa damu, mafupa yake yakiwa yanahangaika kuziba pengo, naona chembe nyekundu zilizotoka mapema zikiwa bado na kiini, kidogo, cheusi, kimebanwa karibu kiwe tone la wino. Ndicho kiini kinachojikaza kabla ya kutupwa.

Katika kila kiini cha namna hiyo kuna takribani mita 2 za DNA, na kipenyo chake ni chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Uzi huo hauingii kwa kusokomezwa. Kila herufi 147 zinazungushwa kwenye fungu la protini nane ziitwazo histoni, karibu mara moja na theluthi mbili, na mafungu hayo hufika takribani milioni 30 katika kiini kimoja. DNA pamoja na protini zinazoibeba ndiyo kromatini. Juu ya mzunguko huo kuna mpango mwingine mkubwa zaidi, wa vitanzi, unaoendeshwa hasa na protini mbili: kohesini, ambayo ina umbo la pete, na CTCF, ambayo hushika DNA mahali maalumu penye herufi inazozitambua. Wavuvi wa Kalundu wataelewa upesi. Ipitishe kamba ndani ya pete, uivute kutoka pande zote mbili kwa pamoja, kitanzi kitakua upande wa pili hadi fundo linase. Kohesini ndiyo pete inayovuta, CTCF ndiyo fundo, na fundo lenyewe lina uso: linaisimamisha pete inayokuja ikilitazama.

Mwaka 2014 kundi la Erez Lieberman Aiden lilichora vitanzi takribani 10,000 katika chembe za binadamu, na kwa sehemu kubwa miguu ya kitanzi ilishikwa na CTCF mbili zinazotazamana. Mwaka 2019 watafiti waliiona kwa macho yao, chini ya hadubini, kohesini ya binadamu ikivuta DNA, ikitumia nguvu ya chembe. Na mwaka 2022, kwa chembe za panya, ilionekana kwamba kitanzi kinaweza kudumu dakika 10 hadi 30 tu, kisha kinaachiwa na kuvutwa tena. Kazi yake ni kukutanisha na kutenganisha. Jeni nyingi haziamki mpaka kipande cha DNA kilichoko mbali, chenye amri ya kuwasha, kiletwe karibu nazo. Mpaka kati ya vitanzi ukivunjika, amri humfikia jirani asiyehusika. Mwaka 2015 kundi la Stefan Mundlos mjini Berlin lilieleza familia zenye vidole vilivyoungana, vilivyozidi au vilivyofupika. Jeni zilizoleta ulemavu zilikuwa nzima, ila mipaka kati yake na jirani ilikuwa imevurugwa, nazo zikaamka mahali pasipozihusu.

Jeni zile za hemoglobini, gama na beta, nazo zimekaa mstari mmoja kwenye kromosomu ya 11, za tumboni kwanza, ya ukubwani mwisho, na CTCF imeshika pande zote mbili za mtaa huo. Mbali kidogo na jeni, yapata herufi 50,000 kutoka ile ya ukubwani, kuna eneo la amri. Tumboni eneo hilo hukunjwa likagusana na gama. Baada ya kuzaliwa mkunjo unahama, linagusana na beta. Protini iitwayo LDB1 husaidia kushika mguso huo, na nyingine, BCL11A, iliyotambuliwa mwaka 2008 kuwa ndiyo inayozima gama, hulinda ukimya wake. Mwaka 2014 Gerd Blobel na wenzake huko Philadelphia waliilazimisha LDB1 ishike penye gama katika chembe za watu wazima. Kitanzi kikarudi, na hemoglobini ya tumboni ikaanza kutengenezwa tena.

Kwa hiyo mtoto yule anayelia mgongoni mwa mama yake anayo dawa yake. Anayo katika kila chembe inayozaa damu ndani ya mifupa yake, imeandikwa sahihi, haikosi herufi, na imefungwa. Nikifika hapa imani yangu inabanwa. Mtu asiye na chochote ni rahisi kumwambia avumilie. Huyu amepewa, kisha akafungiwa. Mwenyezi Mungu aliyemfuma tumboni, kwa nini alimfungia?

Majibu matatu nimeyasikia, na nimejaribu kuishi na kila moja.

La kwanza ni laana ya ukoo. Mama mkwe hulisema waziwazi: damu hii mbaya ni ya kwenu. Hesabu inamkatalia, maana mtoto wa SS amepokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, na wazazi wote wawili wakiwa AS kila mimba ina nafasi moja kati ya nne, bila kujali waliotangulia. Maandiko pia yanamkatalia. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anaukemea usemi wa kwamba watoto hulipishwa walichokula baba zao, na katika Yohana 9 wanafunzi wanaotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu wanajibiwa kwamba si yeye wala wazazi wake. Tena kuna jambo ambalo mama mkwe angestaajabu kulisikia. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye AS analindwa dhidi ya malaria kali. Katika bonde hili la Ruzizi, lenye mbu kama tunavyowajua, herufi anayoiita laana yaelekea ndiyo iliyowavusha baadhi ya mababu zake hadi akazaliwa yeye.

La pili ni la jirani yangu, maalimu wa madrasa, mtu ninayemheshimu. Yeye husema kila kitu kilikwisha andikwa kabla ya mbingu na nchi. Nilimwambia: "Maalimu, kwa mtoto huyu ugonjwa umeandikwa na dawa imeandikwa, mstari mmoja, kromosomu moja. Maandishi peke yake hayaamui. Kinachoamua ni kipi kimekunjuliwa." Hakubabaika. Akaniambia wanazuoni wa Kiashari walifundisha zamani kwamba hakuna kitu kinachodumu kwa nguvu zake chenyewe, Mungu anakishika kila kitu upya kila dakika. Lilinigusa, kwa sababu nilikuwa nimesoma kuhusu vile vitanzi vinavyovutwa na kuachiwa. Kiumbe anayeshikwa dakika kwa dakika anafanana zaidi na ninachokiona kuliko kiumbe aliyeandikwa mara moja akaachwa. Ila jibu hilo linaongeza uzito wa swali. Kama mkono wa Mungu uko katika kila mkunjo, basi uko pia katika ule uliozima gama.

La tatu ni langu mwenyewe, na nililipenda kwa muda mrefu. Nilisema kufungwa ndiko kunakotufanya tuwe na mwili. Ini na jicho vina DNA ileile. Kinachofanya jicho lisiwe ini ni kwamba limefungiwa kuwa ini. Mtu ambaye jeni zake zote zingekuwa wazi asingekuwa mtu. Hilo ni kweli, nalo ni zuri kwa mahubiri. Lakini halifiki kwa gama. Wako watu wazima ambao kwa kurithi jeni zao za tumboni hazikufungwa sawasawa, na wanaishi salama. Mashariki mwa Saudia wagonjwa wengi wa SS hubaki na hemoglobini nyingi ya tumboni, na maumivu yao huwa mepesi, ilhali aina iliyoenea kwetu Afrika ya Kati huiacha ishuke chini sana. Kwa hiyo gama ingeweza kuachwa wazi bila mwili kuharibika. Siwezi kumwambia mama kwamba ilikuwa lazima.

Ninachobaki nacho ni kitabu cha Ayubu. Marafiki zake walikuwa na maelezo mazuri, yenye adabu ya dini, na mwisho wake ni wao waliokemewa, si Ayubu aliyelalamika. Nimejifunza kutokuwa rafiki wa namna ile. Lakini kukataa kumsemea Mungu hakunizuii kusema lililo wazi mbele yangu, nalo ni hili: kufungwa kule hakuna jina la mtu. BCL11A huizima gama kwa mtoto wa SS na kwa mtoto wa AA, asiyerithi kosa kwa mzazi yeyote, bila kuchagua. Iliizima kwa pasta, kwa nabii wa chumba cha maombi, kwa shangazi anayeshtakiwa, kwangu. Karibu kila mtoto wa Uvira aliyepita miezi sita amefungiwa vilevile. Tofauti ni kwamba wengine walikuwa na beta nzima ya kuwapokea, na huyu hakuwa nayo. Jambo linalotendeka kwa wote haliwezi kuwa hukumu iliyotolewa kwa mmoja, wala kombora lililorushwa na mmoja. Ndilo ninalomjibu mama: "Mama, hakuna aliyetupa kitu. Ile miezi aliyokuwa muzima, alikuwa anakingwa na damu ya tumboni. Kinga imekwisha. Anayekuambia jina la mtu anakudanganya."

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimemwondolea mama adui na kumwachia ugonjwa. Kuna la zaidi. Vidonge vya hidroksiurea, dawa ya zamani, huifanya hemoglobini ya tumboni ipande tena. Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba kwa watoto wa Afrika, pamoja na malaria na utapiamlo, ingekuwa hatari. Basi ukafanyika utafiti wa REACH katika vituo vinne: Monkole mjini Kinshasa, Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda na Luanda nchini Angola. Watoto 606 wa mwaka mmoja hadi kumi walianza dawa. Matokeo yalitangazwa Desemba 2018, mwandishi wa kwanza akiwa Mkongomani mwenzetu, Léon Tshilolo. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria kwa karibu nusu, mahitaji ya kuongezewa damu yakashuka, na vifo vikatoka 3.6 kufika 1.1 kwa kila miaka 100 ya watoto kwa pamoja. Kisha mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kukata sehemu ya DNA inayoiamuru BCL11A katika chembe za damu, gama ikaachwa wazi moja kwa moja. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Hiyo haitafika Avenyu yetu kesho. Kidonge kinaweza kufika, kwa sharti moja linaloniangukia mimi: damu ihesabiwe mara kwa mara, kwa sababu dawa ikizidi inashusha chembe nyeupe. Kuhesabu chembe nyeupe ninaweza hata umeme usipokuwepo.

Ndiyo maana nawaomba wachungaji wa mji huu mambo matatu, yote ya gharama ndogo. Wachumba wapimwe kabla ya matangazo ya ndoa, na matokeo yasiwe silaha ya kumfukuza binti. Mtoto wa wazazi wa AS afuatiliwe tangu kuzaliwa, hata kama damu yake ya mwanzo ni safi, maana usafi huo ni wa muda. Na jina lolote lisitajwe katika maombi juu ya mtoto mwenye vidole vilivyovimba kabla hajapita labo.

Swali la "nani" halijafa. Limehamia kwetu. Zamani, kabla hatujajua gama imefungwa wapi na inaamshwaje, hatukuwa na la kujibu. Sasa mtoto akifa kwa maumivu yanayoweza kupunguzwa kwa kidonge, wahusika wapo na majina yao yanajulikana: anayepanga bajeti ya dawa, anayehubiri uchawi, na mpima damu aliyeandika SS kwenye karatasi akaona kazi yake imekwisha. Kwa nini gama ilifungwa, nitamuuliza Mungu siku nitakapomwona. Kwa nini iliachwa imefungwa, nitaulizwa mimi.